Kujitolea Ukiwa Chuoni: Picha ya Ramadhani Haitoshi



Wengi wetu tunavuka bahari kwenda kusoma Morogoro: Chuo Kikuu cha Waislamu, kilichofunguliwa 2005 katika majengo yaliyokuwa ya TANESCO, au Sokoine, au Mzumbe. Miaka mitatu chini ya Milima ya Uluguru, na wapo wanaorudi nyumbani wakiijua Msamvu tu, kwa kuwa ndipo basi linaposhusha.

Kujitolea kwetu huja Ramadhani. Tunachangishana, tunavaa fulana za rangi moja, tunapeleka tende na mchele kwenye kituo cha yatima, tunapiga picha, kwaheri. Sadaka ni sadaka, Mungu aipokee. Lakini Mfunguo Mosi yule mtoto anakula nini? Na sura yake iliyojaa kwenye simu zetu, nani alimtaka ruhusa?

Mimi naona bora saa mbili kila Jumamosi. Chukua wasichana watano wa kidato cha pili, wasomeshe hesabu kabla ya mtihani wa taifa. Wapo ambao mama zao hushuka mlimani alfajiri na ndizi na mboga kichwani. Pesa ya tuisheni itoke wapi? Nendeni wawili wawili, mwalimu mkuu wa skuli ajue, mrudi kabla ya magharibi. Wazazi wakiijua ratiba, hofu yao hupungua.

Na wewe uliyeposwa, usifiche. Mposaji aambiwe mapema, kupitia wazee, kwamba Jumamosi zako zina wenyewe. Akinuna, heri umemjua sasa. Akiuliza wasichana wanahitaji madaftari mangapi, basi wazee waendelee na mahari.