Dakika za Mlimani Hazikopeshwi

Siku hizi si ajabu mzazi wa Nyeri au Kakamega kualikwa na mwanawe aliyelowea Ujerumani au Austria. Naye mwana akitaka kumfurahisha mzazi, humkatia tiketi ya basi la watalii akaione milima ya Alps kwa siku moja, pamoja na abiria arobaini asiowajua na mwongozaji mwenye kipaza sauti. Leo ningependa tuzungumze juu ya siku hiyo, kwa sababu wengi huirudisha nyumbani ikiwa rundo la picha tu, na lile la maana lililokuwa mbele yao hawakuliona.

Tuchukue safari moja mashuhuri, ya kutoka mji wa Salzburg hadi mlima Grossglockner, ambao ndio mrefu kuliko yote nchini Austria. Kimo chake ni mita 3,798. Najua utacheka, maana Mlima Kenya una mita 5,199. Cheka upendavyo, lakini koti usiliache. Kule juu theluji huweza kuanguka hata mwezi wa Julai, ambao kwao ni majira ya joto. Na kama safari yenu inaanzia Munich, ng'ambo ya mpaka, pasipoti nayo iwe mkobani.

Ikiwa tiketi imeandikwa saa mbili asubuhi, basi litaondoka saa mbili. Pale si stendi ya matatu, ambako utingo huita abiria mpaka viti vijae. Wala usidhani ni ukali wa Wazungu. Sheria ya Ulaya humruhusu dereva kuendesha kwa kawaida saa tisa kwa siku, na akishaendesha saa nne na nusu hana budi kuwa amepumzika dakika 45. Ndani ya basi mna chombo kinachoandika kila dakika ya mwendo, na askari wa barabarani wanaweza kukikagua. Kwa hiyo dakika ishirini utakazopoteza dukani ukichagua kikombe cha ukumbusho haziongezwi jioni. Zitakatwa kwenye kituo kinachofuata, na watu arobaini ndio watakaokulipia deni. Wahenga walisema chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Huko utakuta basi si lako.

Barabara ya mlimani yenyewe ni ya kulipia. Hufunguliwa mnamo mwezi wa Mei na kufungwa Novemba hivi, theluji inapoizidi nguvu. Ina urefu wa kilomita 48 na kona kali 36, na kila kona ina kibao chenye nambari. Aliyezoea kushuka Mai Mahiu hataogopa, ila hapa kona moja haijakwisha nyingine imeshakukaribisha. Ilijengwa kati ya 1930 na 1935 chini ya mhandisi Franz Wallack, wakati Austria ilipokuwa imebanwa na ukosefu wa kazi, na watu wapatao 3,000 walipata riziki yao hapo. Mahali paitwapo Fuscher Törl, kwenye kimo cha mita 2,428, pana jengo dogo la kuwakumbuka waliokufa katika ujenzi huo. Wengi hulipiga picha bila kuuliza ni la nini. Wewe, msomaji wangu, simama hapo kidogo.

Mbele yake ni Hochtor, mita 2,504, ambapo barabara hupenya mlima kwa njia ya chini kwa chini. Mafundi walipokuwa wakilichimba shimo hilo mwaka wa 1933, waliokota sanamu ndogo ya shaba ya enzi ya Warumi. Kumbe watu walikuwa wakiupita mlima huo kwa miguu karne nyingi kabla ya lami na mabasi!

Kisha mtafika Kaiser-Franz-Josefs-Höhe, mita 2,369, na mwongozaji atatangaza, "Saa moja na robo, kisha tunaondoka." Hapa ndipo siku yako itakapofaulu au kuharibika.

Basi likifunguliwa milango, watu hukimbilia vitu vitatu: choo, soseji na duka. Kila kimoja kina foleni yake. Wengine huvutwa na wanyama wanene wa manyoya wanaota jua mawemawe, ambao ukiwaona utaapa ni pimbi wetu wa Mlima Kenya, ingawa si ukoo mmoja. Saa huyoyoma hivyo. Zikibaki dakika kumi, ndipo watu husogea ukingoni, wakajipiga picha wakiwa wameupa mgongo mto wa barafu uitwao Pasterze, ulio mkubwa kuliko yote ya Austria.

Fanya kinyume chao. Choo nenda mlikosimama mwanzo, chakula beba mkobani, na ukishuka nyosha moja kwa moja hadi ukingoni. Usitarajie weupe wa picha za kalenda. Upande wa chini barafu hiyo ni ya kijivu, imefunikwa na mawe na vifusi, na huenda ukadhani ni machimbo ya kokoto. Tazama tena kwa utulivu. Tazama jinsi bonde lilivyo pana na jinsi barafu ilivyojikunyata ndani yake, kama mzee ndani ya koti la ujanani mwake.

Mfalme Franz Josef na mkewe Elisabeth walipozuru pande hizo mwaka wa 1856, barafu ililijaza bonde lile. Tangu wakati huo zaidi ya nusu yake imeyeyuka. Mwaka wa 1963 ilijengwa reli ya kuwateremsha watalii mpaka ukingoni mwa barafu. Barafu ikaikimbia reli, na kituo cha chini kikaachwa kikining'inia juu ya miamba. Katika mwaka mmoja wa vipimo, kati ya 2022 na 2023, ncha ya mto huo ilirudi nyuma zaidi ya mita 200. Hizo ni hatua nyingi, bibi yangu, kwa mwaka mmoja.

Labda utauliza, barafu ya Waaustria yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Innsbruck, papo hapo Austria, walikuja kupanda Mlima Kenya kuipima barafu yetu iitwayo Lewis. Waligundua kwamba kati ya 1934 na 2010 ilikuwa imepoteza asilimia 90 ya ujazo wake. Mzee aliyezaliwa Nyeri au Nanyuki hahitaji vipimo hivyo. Anakumbuka mlima ulivyong'aa asubuhi alipokuwa akienda shule, na anajua anachokiona leo. Mzee huyo akisimama mbele ya Pasterze ataelewa upesi kuliko abiria wote wa basi lile, kwa kuwa msiba huo ameshauona kwao.

Ndiyo sababu nasema dakika za pale hazikopeshwi. Kikombe cha ukumbusho utakipata hata Salzburg mjini. Huenda mjukuu wako akapelekwa pale siku moja, akakuta mawe na maji, asiwe na wa kumsimulia palikuwaje ila wewe.

Safari ya kurudi haina mengi. Mtapita kijiji cha Heiligenblut chenye kanisa la mnara mwembamba, mwongozaji atahesabu vichwa, kisha nusu ya basi itakoroma. Mkishuka, ni desturi kumpa dereva na mwongozaji sarafu kidogo za shukrani. Mliendeshwa kwenye kona 36 na mkarudi salama, kwa hiyo mkono usiwe mzito.

Nawe mwana unayekata tiketi, usimtume mzazi peke yake na kamera. Keti naye dirishani, umtafsirie yasemwayo na kipaza sauti. Kisha mkifika ukingoni pale, nyamaza, umwache mzee aseme yeye mlima wa kwao ulikuwaje.