Mahindi yavuka Namanga, aplikesheni yakwama dukani

MFANYABIASHARA mdogo anayevusha magunia ya mahindi pale Namanga anajua anachotakiwa kuwa nacho. Kama bidhaa imezalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, imo kwenye orodha iliyokubaliwa na thamani ya mzigo haizidi dola 2,000 za Marekani, hupewa cheti rahisi cha uasilia mpakani na mzigo unapita bila ushuru wa forodha. Ada na kodi nyingine zipo, lakini njia inajulikana.

Kijana anayetaka kumtengenezea mfanyabiashara huyo programu ya simu ya kutazama bei na kutafuta wanunuzi hana cheti cha namna hiyo. Bidhaa yake haipiti Namanga wala Busia. Milango yake mikubwa ni miwili, na yote inamilikiwa na kampuni za Marekani: duka la Apple lililofunguliwa Julai 2008, na duka la Google ambalo tangu 2012 linaitwa Google Play.

Ada zake si siri. Apple inatoza dola 99 kila mwaka, Google dola 25 mara moja tu. Kwa kijana wa Arusha au Kisumu fedha hizo si ndogo, lakini zinatafutika. Ugumu uko kwenye karatasi.

Anayefungua akaunti ya Google kwa jina lake binafsi, kama aliifungua baada ya katikati ya Novemba 2023, analazimika kwanza kuwa na watu wa kuijaribu programu yake kwa siku 14 mfululizo. Walianza kwa kutaka watu 20, Desemba 2024 wakapunguza hadi 12. Akifungua kwa jina la kampuni anaepuka sharti hilo, ila sasa anatakiwa awe na namba ya D-U-N-S, inayotolewa na kampuni ya Dun & Bradstreet ya huko huko Marekani. Apple nao wanaitaka namba hiyo kwa kampuni. Cheti cha BRELA peke yake hakitoshi, na jina na anuani lazima vilingane kila mahali. Katika nchi ambazo anuani ya watu wengi ni sanduku la posta na maelekezo ya "mkabala na sheli", hilo si jambo dogo.

Baada ya hapo ndipo unakuja ukaguzi wenyewe. Apple inasema programu 9 kati ya 10 hukaguliwa ndani ya saa 24. Kwa takwimu zake, mwaka 2024 ilipokea maombi zaidi ya milioni 7.7 na kukataa zaidi ya milioni 1.9, yaani karibu moja katika kila manne. Sababu nyingine ni za kawaida kabisa. Chukua mfano wa programu inayomtaka mtumiaji aingize namba yake ya simu, kisha asubiri tarakimu za siri kwa ujumbe mfupi. Mkaguzi hana laini ya Tanzania wala ya Kenya. Asipopewa akaunti ya majaribio ya kuingilia moja kwa moja, haoni kitu, na kwa sheria zao programu isiyokaguliwa inarudishwa. Vivyo hivyo kwa programu isiyo na sera ya faragha, au isiyompa mtumiaji njia ya kufuta akaunti yake.

Kuna imani iliyoenea kuwa Apple hawaruhusu malipo ya M-Pesa au Airtel Money. Si kweli kwa mahindi. Kanuni yao ya mauzo kwa kutumia mfumo wao wa malipo, wenye kamisheni ya asilimia 15 au 30, inahusu vitu vinavyotumika ndani ya simu, kama michezo na muziki. Bidhaa za kushikika na huduma kama usafiri zinatakiwa zilipiwe kwa njia nyingine. Mchuuzi wa mpakani hapa yuko salama.

Asipokuwa salama ni pale programu inapogusa mkopo. Na ndiko nyingi zinakoelekea, kwa sababu mwenye magunia 20 akishapata mnunuzi, swali lake la pili ni mtaji wa mzigo unaofuata. Kenya ilitoa kanuni za wakopeshaji wa kidijitali Machi 2022, na kufikia Septemba mwaka huo Benki Kuu yake ilikuwa imetoa leseni kwa kampuni 10 kati ya maombi 288. Google ikafuata: tangu mwanzoni mwa 2023 mkopeshaji wa Kenya asiye na leseni hiyo hapewi nafasi dukani, na tangu Mei 2023 programu za mikopo haziruhusiwi kuchungulia majina na picha zilizomo kwenye simu ya mkopaji. Waliowahi kudhalilishwa kwa kupigiwa simu ndugu zao wanaelewa kwa nini. Tanzania nayo, Novemba 2024, Benki Kuu ilitaja programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali.

Kwa maoni yetu hatua hizo zilikuwa za haki. Lakini leseni ya Nairobi haikopeshi Arusha, na ya Dar es Salaam haivuki Namanga. Itifaki ya Soko la Pamoja, inayogusa pia huduma, imekuwepo tangu Julai 2010. Kama mabenki kuu yangekubaliana kutambuana, duka la Marekani lingepokea karatasi moja badala ya mbili au tatu. Kwa sasa mkopeshaji mdogo anachagua upande mmoja wa mpaka, na wateja wa upande wa pili anawaacha.

Tena duka lenyewe halifiki kote. Apple haina duka la Burundi, Sudan Kusini wala Somalia, wakati zote ni wanachama wa Jumuiya.

Wengi wamekuwa wakikwepa yote haya kwa kurushiana faili la programu kwa WhatsApp au Bluetooth, bila kupitia duka lolote. Njia hiyo nayo inabanwa. Agosti 2025 Google ilitangaza kuwa simu za Android zenye ithibati yake zitataka mtengenezaji wa programu awe amethibitishwa utambulisho wake, hata kama programu haikutoka dukani. Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand zilipangiwa Septemba 2026, na nchi nyingine kuanzia 2027. Baadaye kampuni hiyo ilisema wenye ujuzi wataachiwa njia ya kuendelea kwa hiari yao, na wanafunzi akaunti nafuu. Mchuuzi wa Namanga si mwanafunzi, na simu yake aliwekewa programu na mpwa wake.