GoldenEye 007: mchezo wa zamani bado unastahili makuta?

Filamu GoldenEye ya James Bond ilitoka 1995, mchezo wake ukafuata 1997 ku Nintendo 64. Tarehe 27 Januari 2023 ulirudi, ku Xbox na Switch. Bado muzuri? Tunasema ndiyo, lakini si kwa sura: picha imesafishwa, watu wangali kama masanduku. Utamu wake ni batu bane mbele ya televizyo moja, bila kula mega.

Wazazi ba Kakontwe, bei kali iko mu mashini. Kobalti ya Katanga inaingia mu betri nyingi. Inatuacha kwa bei ya chini, inarudi juu. Mashini iko nyumbani? Batoto bacheze. Haiko? Tusikopee mushahara wa kesho.