Mbiu ya Magari Isiyofika Kyuso

Kila mwezi wa Disemba, barabara itokayo Mwingi kuelekea Kyuso hupokea magari ambayo kwa miezi kumi na mmoja huwa hayaonekani huko. Ni magari ya wana wa Kitui walioajiriwa Nairobi na Mombasa, wanaorejea nyumbani na watoto wao pamoja na unga na sukari ya sikukuu. Miongoni mwa magari hayo, siku hizi huonekana lile gari la familia lililoinuka kidogo, la milango mitano, lenye injini ya petroli na mota ya umeme kwa pamoja. Mwenyewe hulisifu kwamba lanywa petroli kwa adabu. Anapoliwasha, sauti ya mwanamke humsemesha kwa Kijapani, nao watoto huiiga sauti hiyo na kucheka. Aghalabu sauti hiyo husema tu kwamba kadi ya kulipia ushuru wa barabara haijatiwa katika kifaa chake. Ushuru wenyewe ni wa barabara za Japani, ambazo gari hilo halitazikanyaga tena.

Hapo hapana madhara. Hata hivyo, kichekesho hicho ni dalili ya jambo lisilochekesha. Gari lililoagizwa kutoka Japani limevuka bahari na sauti yake ya ushuru, lakini maonyo yanayohusu uhai wa walio ndani yake yamebaki ng'ambo.

Wahenga waliamba kwamba mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Katika ulimwengu wa magari, mbiu hiyo hulia pale kampuni inapogundua kwamba magari iliyoyauza yana kasoro inayoweza kudhuru, ikawataka wenye magari wayapeleke yakarekebishwe bila malipo. Mfano mzuri ni Honda Vezel ya haibridi, gari ambalo Wakenya wamelipenda mno. Lilianza kuuzwa Japani Disemba 2013. Februari 2014, kabla hata ya miezi mitatu kutimia, Vezel za haibridi ziliitwa pamoja na ndugu zake, Honda Fit za haibridi, kwa sababu ya programu inayoongoza giaboksi: gari lingeweza kukataa kuondoka. Julai mwaka huo mbiu ikalia tena, safari hii kwa hofu kwamba gari lingeondoka kwa ghafla kuliko alivyotarajia dereva. Oktoba 2014, Fit ilipokuwa imeitwa mara ya tano katika kipindi cha takriban mwaka mmoja, rais wa kampuni, Takanobu Ito, na wakuu wenzake walikubali kupunguziwa mishahara kwa miezi mitatu. Wajapani waliichukulia mbiu yao kwa uzito huo.

Sasa na ifuatwe njia ya mbiu hiyo. Kampuni hupeleka taarifa kwa Wizara ya Ardhi, Miundombinu, Uchukuzi na Utalii ya Japani, kisha barua hutumwa kwa yule ambaye jina lake limo katika daftari la usajili. Gari linapouzwa nje, usajili wake hufutwa, na tangu siku hiyo daftari halina jina la kuandikiwa. Kenya, kwa mujibu wa kiwango cha KS 1515:2000, huruhusu gari lililotumika kuingia iwapo umri wake hauzidi miaka minane. Kwa hivyo Vezel ya mwaka 2014 iliweza kuteremshwa bandarini Mombasa hadi mwishoni mwa 2021, ikanunuliwa Nairobi, ikauzwa tena Thika, ikaishia Kyuso kwa mwenye gari wa nne. Huyu wa nne hajulikani Japani. Wala wakala rasmi wa Kenya hamjui, kwa kuwa gari halikupitia kwake. Amebaki na nambari ya chesisi tu, iliyogongwa kwenye chuma na kunakiliwa katika kitabu cha gari.

Ni haki kusema kwamba magari mengi hurekebishwa kabla hayajaondoka kwao. Ukaguzi wa Japani ni mkali, na tangu Mei 2018 serikali ya huko imekataa kuyapitisha magari yenye mifuko ya hewa ya Takata iliyo hatarini kupasuka vibaya, hadi yatakaporekebishwa. Isitoshe, mengi ya matatizo ya programu humalizwa kwa muda mfupi katika karakana ya wakala. Haitakuwa kweli, basi, kudai kwamba kila gari la haibridi lililoko Kitui ni mtego. Tatizo ni kwamba mwenye gari hana namna ya kujua kama lake ni miongoni mwa yaliyotibiwa au ni miongoni mwa yaliyoponyoka. Ukaguzi unaofanywa kabla ya gari kupakiwa melini hutazama breki, taa, chesisi na mfano wa hayo. Programu iliyofichika ndani ya kompyuta ya giaboksi haionekani kwa macho ya mkaguzi.

Hiyo mifuko ya Takata yenyewe inastahili maelezo zaidi, kwa kuwa haikuchagua gari la haibridi wala la petroli tupu. Mfuko wa hewa hutakiwa kufutuka ghafla gari linapogongana ili kumkinga dereva. Takata ilitumia kemikali ya amonia naitreti kuufutua. Kemikali hiyo, ikikaa miaka mingi katika joto linalopanda na kushuka pamoja na unyevu, huharibika. Ajali inapotokea hulipuka kwa nguvu kupita kiasi na kukipasua kikombe cha chuma kinachoishikilia. Kifaa kilichowekwa ili kuokoa kikageuka kombora. Nchini Marekani pekee watu zaidi ya 20 wamefariki kwa namna hiyo. Honda ilianza kuyaita magari mwaka 2008, vifaa vilivyoitwa duniani kote vikafikia takriban milioni 100, na Takata ikafilisika mwaka 2017. Msomaji atatambua kwamba joto na unyevu ndiyo hali ya hewa ya Mombasa na Kwale. Kyuso ni kukavu zaidi, lakini gari la mkononi halikai mahali pamoja. Lililopo Kyuso leo huenda liliegeshwa Likoni kwa miaka sita.

Haya yote yanaihusu vipi lugha? Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mlaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kulindwa afya na usalama wake, na pia haki ya kupata taarifa anazozihitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa hizo. Kifungu cha 7 cha Katiba hiyo hiyo kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na tena kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Vifungu hivi viwili havijawahi kukutanishwa katika suala la magari. Mamlaka ya Ushindani ya Kenya hutangaza miito ya magari yanayouzwa na mawakala rasmi, na hilo ni jambo la kushukuriwa, ila matangazo hayo huandikwa kwa Kiingereza cha kisheria ambacho hata aliyehitimu chuo hukisoma mara mbili. Taarifa isiyoeleweka haiwezi kuhesabiwa kuwa imetolewa.

Hapa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili hawana pa kujifichia, maana hata neno lenyewe halijatulia. Magazeti huandika kwamba kampuni "imerudisha magari", ingawa aliyetakiwa kurudisha ni mwenye gari. Mara huandika kwamba magari "yameondolewa sokoni", na mnunuzi akadhani lake, kwa kuwa lilishatoka sokoni, halihusiki. Mara huandika "kuyarejesha", na msikilizaji akatumaini kurejeshewa fedha. Kila mojawapo ya makosa haya yaweza kumweka mtu barabarani na gari bovu. Pana ajabu moja katika msamiati wa kale: kitenzi "rudi" kina pia maana ya kumwonya na kumrekebisha mtu aliyekosea, na ndiko lilikotoka neno "marudi". Lugha ilikuwa na wazo hilo kabla ya magari kubuniwa. Kwa matumizi ya leo, hata hivyo, "mwito wa marekebisho" lingefaa zaidi, kwa sababu linataja mambo mawili ambayo mwenye gari anapaswa kuyajua: anaitwa, na anaitiwa matengenezo. Wenye hoja bora na waitoe, mradi neno moja lichaguliwe na litumike na wote.

Kuna upande wa pili wa mbiu, nao ni malalamiko. Nchini Marekani mwananchi yeyote anaweza kuiandikia mamlaka ya usalama wa barabarani kuhusu kasoro ya gari lake, na malalamiko hayo huwekwa hadharani. Wenye Toyota RAV4 ya haibridi ya kuanzia mwaka 2019 walilalamika kwamba tangi halijai hata pampu inapojikata, na wengine, hasa wa sehemu zinazomwagiwa chumvi barabarani wakati wa theluji, kwamba waya mkuu wa umeme unaokwenda kwenye mota ya nyuma unaliwa na kutu. Hatimaye kampuni ilirefusha dhamana ya waya huo. Haukuwa mwito wa marekebisho, lakini ulikuwa mlango uliofunguliwa na wingi wa sauti zilizoandikwa.

Mwenye gari wa Kyuso naye hulalamika. Humlalamikia fundi chini ya mwembe, akamwambia kwamba gari linasita likiingia gia ya kwanza, kisha linaruka. Fundi hujaribu alijualo. Pengine hubadilisha mafuta ya giaboksi, pengine huvuta nyaya za rangi ya chungwa bila kujua kwamba rangi hiyo ni onyo la umeme mkali, zaidi ya volti 100, unaoweza kumuua. Fedha hulipwa, gari huondoka, na lalamiko huishia pale pale mwembeni. Likitokea jingine kama hilo Tseikuru au Ngomeni, hakuna atakayeyaunganisha. Fasihi simulizi ina fahari yake, ila katika jambo hili usimulizi umekuwa kaburi la ushahidi.

Pengine itasemwa kwamba Kiswahili si dawa, kwamba mkazi wa Kyuso huelewa haraka zaidi akielezwa kwa Kikamba, na kwamba tangazo moja la Musyi FM lingefika mbali kuliko waraka wowote. Hoja hiyo ina uzito, na haifai kupuuzwa kwa sababu tu imetolewa mbele ya Waswahili. Lakini gari lina tabia ya kuhama. Lililo Kyuso mwaka huu litauzwa Garissa mwaka ujao, na tangazo la Kikamba halitalifuata huko. Kiswahili ndicho kinachoweza kulifuata gari kutoka mkono hadi mkono, kisha redio za Kikamba, Kisomali na Kimijikenda zikatafsiri kutoka kwake. Kwa sasa zingelazimika kutafsiri kutoka Kijapani.

Njia ya kufikisha ujumbe ipo tayari. Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, huhifadhi nambari ya chesisi ya kila gari lililosajiliwa pamoja na jina la mmiliki wake, na tangu 2023 huduma zake zinapatikana kupitia eCitizen, ambako kila mtu ameandikisha simu yake. Orodha za nambari za chesisi zilizoitwa hutolewa na kampuni za Japani zenyewe. Kuzilinganisha orodha hizo mbili ni kazi ya kompyuta. Kuandika ujumbe wa maneno thelathini, usiomtisha mtu wala kumchanganya, unaomwambia gari lake lina kasoro gani, aliendeshe au asiliendeshe, na alipeleke wapi, hiyo ni kazi ya idara za Kiswahili, ambazo kila mwaka hufundisha kozi za tafsiri na kuwapa wanafunzi matini zilizokwisha kutafsiriwa.

Kwa sasa mwenye Vezel ya haibridi afungue kitabu cha gari atazame nambari inayoanza kwa RU3 au RU4. Kampuni imeweka mtandaoni ukurasa ambapo nambari hiyo huandikwa, na jibu huja papo hapo iwapo gari lingali linadaiwa marekebisho. Jibu lenyewe ni la Kijapani.