Vibarua Rahisi, Kazi Ghali

Kuna jibu moja ambalo wakandarasi wa mitambo wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala hulitoa bila kufikiri. Mtu akipendekeza mabomba ya maji, mifumo ya viyoyozi na ya kuzimia moto iunganishwe karakanani, kisha ipelekwe saiti ikiwa tayari kufungwa, anaambiwa: hayo ni mambo ya Ulaya na Marekani, kule fundi analipwa ghali kwa saa. Kwetu vibarua ni rahisi. Karakana ya nini?

Imani hiyo ni potofu, na wanaoishika wanaifilisi biashara yao wenyewe. Ujira mdogo wa siku haumaanishi kazi ya gharama ndogo. Gharama ya kazi ni kila shilingi inayotumika tangu bomba linashushwa kwenye lori hadi mshauri wa mradi atie saini kwamba limekubalika. Humo mna saa ambazo fundi alilipwa akiwa amekaa, bomba lililokatwa fupi na kutupwa, elbo zilizoibwa stoo, ukuta uliopasuliwa mara ya pili, na dari iliyovunjwa kwa sababu kiungo kimoja kinavuja.

Tuitazame siku ya kawaida kwenye jengo la ghorofa nane. Mafundi bomba wanne wamefika saa moja asubuhi. Jukwaa wanalolihitaji limeshikwa na wapiga plasta. Umeme wa muda umekatika, mashine ya kukatia nyuzi haifanyi kazi. Mabomba ya futi ishirini yanapandishwa kwa kamba hadi ghorofa ya tano, moja moja, kwa sababu kreni iko kwenye zege. Ikifika saa nne, hakuna kiungo hata kimoja kilichofungwa, na ujira wa siku unaendelea kuhesabika. Mwenye kampuni akiambiwa kwamba fundi wake ni rahisi, aulize kwanza: rahisi kwa kila siku, au rahisi kwa kila kiungo kilichokamilika? Wahenga walishatuonya kuwa rahisi huvunja upishi.

Sasa tuihamishe kazi hiyohiyo karakanani. Chukua bomba la chuma la inchi sita, la kupitisha maji baridi ya viyoyozi. Likiwa limeshaning'inizwa chini ya dari, haligeuki. Anayegeuka ni fundi. Upande wa juu wa kiungo anauchomelea akiwa amebanwa na zege, pembeni akiwa amejipinda, na chini akiwa amelaza shingo huku cheche zikimwangukia. Karakanani bomba huwekwa juu ya roli, likazungushwa taratibu, na mkono wa fundi ukabaki palepale juu, mahali panapotoa mshono mzuri kwa urahisi zaidi. Fundi ni yuleyule na elektrodi ni ileile, lakini matokeo hayafanani. Kipande kikimalizika hujazwa maji na kusukumwa hadi mara moja na nusu ya shinikizo kitakalofanyia kazi. Kikivuja, kinarekebishwa hapohapo sakafuni. Saiti, uvujaji huohuo mara nyingi hugunduliwa baada ya rangi kupakwa, na bili ya rangi anatumiwa mkandarasi wa mitambo.

Lakini faida kubwa zaidi ni ya muda. Kwa utaratibu wetu wa sasa, mkandarasi wa mitambo ndiye mtu wa kubebeshwa ucheleweshaji wa kila mtu. Msingi ukichelewa, nguzo zikichelewa, tarehe ya kufungua jengo haisogei. Zinazokatwa ni wiki zake yeye. Matokeo yake ni zamu za usiku, mafundi wa kuokoteza, na majaribio ya mfumo yanayofanywa sambamba na sherehe ya ufunguzi. Mwenye karakana haanzii mwisho. Wakati nguzo za ghorofa ya pili zinamwagwa, yeye tayari anaunganisha seti ya pampu juu ya fremu ya chuma, pamoja na valvu, vipima shinikizo na kisanduku chake cha umeme. Chumba cha pampu kikiwa tayari, seti inaingizwa, inafungwa kwa boliti na kuunganishwa na mabomba yanayoingia na kutoka.

Yako majengo yanayoililia karakana kwa sauti. Mradi wa nyumba za bei nafuu wa Park Road, Ngara, jijini Nairobi, una nyumba 1,370 za aina chache tu. Tanzania imejenga vituo vya afya na hospitali za wilaya kwa ramani zinazofanana kutoka mkoa mmoja hadi mwingine. Mabweni na hoteli nazo ni vyumba vinavyojirudia. Mabomba yaliyo nyuma ya choo cha chumba cha kwanza ndiyo yaleyale ya chumba cha mia. Ni busara gani inayomtaka fundi apime, akate na kuunga upya mara mia, akiwa amechuchumaa kwenye vumbi, ilhali kalibu moja ya chuma juu ya meza ingempa vipande mia vinavyolingana? Hakuna anayemwita seremala wa Keko, Dar es Salaam, aje kuchana mbao sebuleni kwake ili amtengenezee kabati. Tunamtaka apime, aende karakanani kwake, arudi na kabati. Kwa nini tunamtaka fundi bomba aishi kinyume na akili hiyo?

Wenzetu walishalithibitisha hilo kwenye majengo magumu kuliko mengi ya kwetu. Katika hospitali ya Miami Valley, mjini Dayton, Ohio, jengo jipya lililokamilika mwaka 2010 lilifungwa vyoo vya wagonjwa vilivyotengenezwa nje ya saiti, pamoja na fremu za kupita juu ya korido zilizokuwa zimebeba mabomba, njia za hewa na nyaya kwa pamoja. Mafundi walizifanyia kazi ghalani, wakiwa wamesimama sakafuni, badala ya kukaa juu ya ngazi wakigombania nafasi ya dari. Singapore nayo, kwa miaka mingi sasa, imekuwa ikiwasukuma wajenzi wake watumie vyumba vya bafu vinavyotoka kiwandani vikiwa vimekamilika.

Na wala tusijidanganye kwamba jambo hili halijawahi kufika kwetu. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443. Mafuta yale huganda yakipoa, kwa hiyo bomba lazima litunze joto. Hakuna aliyepeleka vibarua rahisi wakalivishe bomba hilo tabaka la kutunzia joto porini, kilomita baada ya kilomita. Kilijengwa kiwanda Sojo, wilayani Nzega, mkoani Tabora. Mabomba yalivishwa hapo, yakakaguliwa hapo, ndipo yakapelekwa kwenye mkuza. Nzega iko Unyamwezini, haiko Ulaya.

Wapinzani wana hoja zao, nazo zinastahili majibu. Wanasema majengo yetu hayafuati michoro: zege likimwagwa, ukuta unahama sentimita tatu, na kipande cha karakanani hakiingii. Ni kweli, huhama. Ndiyo sababu mtu makini hatengenezi kwa kutegemea mchoro peke yake. Anakwenda kupima jengo lenyewe baada ya fomu kuondolewa, na kila mstari wa bomba anauachia kipande kimoja cha kufungia, kitakachokatwa saiti kwa kipimo halisi. Wanasema mwenye jengo hubadilisha mawazo kila wiki. Hilo nalo ni kweli, na dawa yake ni kuandika kwenye mkataba tarehe ambayo baada yake kila badiliko lina bei. Wanasema usafiri ni ghali. Ni ghali kwa anayesafirisha hewa. Anayetengeneza njia za hewa za bati huzikunja nusu nusu zenye umbo la L, akazipakia zikiwa zimeingiliana, na lori moja likabeba mzigo ambao ungehitaji malori kadhaa.

Wengine wanatutisha kwa mfano wa Katerra, kampuni ya California iliyoanzishwa mwaka 2015, ikapewa mabilioni ya dola ya wawekezaji, na kufilisika Juni 2021. Mfano huo nauchukua kwa mikono miwili, maana unafundisha kinyume cha wanachodhani. Katerra ilitaka kutengeneza jengo zima na kumiliki kila hatua, ikajenga viwanda vikubwa kabla haijapata kazi ya uhakika ya kuvishibisha. Mkandarasi wa mitambo haambiwi afanye hivyo. Anaambiwa akodi banda lenye sakafu iliyosawazishwa na umeme wa kuaminika, alete msumeno wa bomba, roli, mashine ya nyuzi na pampu ya majaribio, vifaa ambavyo vingi tayari anavyo, vimetawanyika kwenye makontena ya saiti tatu vikiota kutu. Aanze na kitu kimoja: seti za pampu, au mabomba ya bafu. Akishakiweza, aongeze kingine.

Kikwazo kikubwa kuliko vyote kiko kwenye malipo, na hapa lawama haimhusu mkandarasi. Tazama mkataba wa FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, wa mwaka 1999, kitabu chekundu, kifungu cha 14.5. Kinaruhusu vifaa vilivyoorodheshwa kulipiwa asilimia 80 ya gharama yake vikishapakiwa melini kuja nchini, au vikishafika saiti. Yaani pampu iliyo baharini inaweza kumpatia mkandarasi fedha, ilhali seti iliyokamilika na kujaribiwa katika karakana ya Tabata, Dar es Salaam, au Industrial Area, Nairobi, inasubiri mpaka ipite geti la saiti. Masharti maalumu ya mkataba yanaweza kurekebisha jambo hilo kwa aya moja: kazi iliyokamilika karakanani, ikakaguliwa na mshauri, ikawekewa alama ya mradi na bima, ilipiwe. Wanaoandaa zabuni za serikali huko Dodoma na Nairobi wana kalamu ya kuiandika aya hiyo. Kutoiandika ni kuwapendelea watengenezaji wa ng'ambo dhidi ya mafundi wetu.

Inabaki hoja ya ajira, na sitaikwepa. Karakana itapunguza idadi ya watu wanaobeba mabomba kwenye ngazi. Lakini ajira hiyo ni ipi? Ni kibarua kinachokwisha jengo linapokwisha, kisicho na mafunzo, na kinachomwacha kijana aliyehitimu chuo cha ufundi cha VETA akizunguka na cheti chake kutoka saiti hadi saiti akitafuta kingine. Karakana ina kazi wakati saiti imesimama. Ina msimamizi anayeona mshono wa mwanafunzi na kumsahihisha siku hiyohiyo. Mama mwenye ujuzi wa kuchomelea anaweza kuifikia kila asubuhi bila kuhama mkoa kwa miezi sita. Anayeipenda ajira ya fundi kwa dhati atamtakia kazi ya kudumu yenye paa juu yake.

Na kazi hii itafanywa karakanani, tupende tusipende. Chila, yaani mtambo wa kupoza maji ya viyoyozi, huja ikiwa imeunganishwa tangu zamani. Seti za pampu zinaanza kuja hivyohivyo, na vyumba vizima vya mitambo vitafuata ndani ya makontena. Siku hiyo mkandarasi wetu atabaki kuwa mtu wa kukaza boliti, na faida yote itakuwa imeshabaki kwa aliyefunga mzigo. Kwa hiyo mwenye kampuni achague, katika kazi yake ijayo, kipande kimoja kinachojirudia, akitengeneze chini ya paa lake, apige hesabu ya gharama kwa kila kiungo kilichokamilika, kisha ailinganishe na ya saiti. Chama chake kipeleke madai ya kifungu cha malipo kwa wenye zabuni, tena kwa maandishi. Na yule atakayesimama kikaoni kusema kwamba kwetu vibarua ni rahisi, aombwe aje na hesabu hiyo mkononi.