Farasi wa Yennenga
Tamasha la filamu la FESPACO lilianza Ouagadougou mwaka 1969, wakati kumbi za sinema za Upper Volta, Burkina Faso ya leo, zikiwa mikononi mwa kampuni za Kifaransa. Mwaka uliofuata serikali ikazitaifisha. Uamuzi huo nausifu kuliko mbwembwe zote za tamasha: filamu bila ukumbi ni kutwanga maji kwenye kinu. Tuzo kuu, farasi wa Yennenga, binti mfalme shujaa anayehesabiwa mama wa Wamossi, ilitolewa kwanza 1972 kwa mwongozaji Oumarou Ganda wa Niger. Joël Karekezi akaifikisha Rwanda 2019. Kenya na Tanzania hazijaipata, na kumbi zetu nyingi za zamani sasa ni makanisa na maduka.