Mazingira pepe si "mambo ya ziada"

Ni siku nyingi sijaandika hapa, kazi zimenibana. Lakini leo nina dukuduku, lazima nilitoe.

Wiki jana kijana mmoja anayejifunza Python alinijia na tarakilishi yake yenye Ubuntu. Alikuwa amefuata maelezo ya kusakinisha programu fulani. Hatua ya kwanza: andika pip install. Tarakilishi ikakataa, ikamtolea ujumbe mrefu unaoanza na "externally-managed-environment". Akatafuta mtandaoni, akashauriwa aongeze --break-system-packages. Akaongeza! Jina lenyewe linakuonya kwamba utavunja kitu, lakini mwenye haraka hasomi. Alipofika kwangu, programu mbili zilizokuwa zikifanya kazi zilikuwa zimegoma.

Nikayafungua yale maelezo. Mazingira pepe yalikuwemo, ila chini kabisa, katika sehemu ya "Mambo ya ziada".

Kosa hili ni la mwandishi, si la kijana. Venv imo ndani ya Python tangu toleo la 3.3 la mwaka 2012. Debian 12 na Ubuntu 23.04, zote za 2023, zilianza kuizuia pip isiguse Python ya mfumo, kwa sababu mfumo wenyewe unaitegemea. Huko, mazingira pepe ndiyo mlango. Nani huonyesha mgeni madirisha kabla ya mlango?

Nionavyo mimi, maelezo yapangwe hivi:

1. Njia moja kwanza. Venv, virtualenv, conda, Poetry, uv... anayeanza atachaguaje? Mpe venv, hizo nyingine zipeleke mwisho.

2. Kila mfumo na sehemu yake. Kwenye Linux kuwasha ni source .venv/bin/activate, kwenye Windows ni .venv\Scripts\activate. Na kwa watu wa Debian na Ubuntu, sema mapema kwamba huenda wakahitaji kusakinisha python3-venv kwa apt.

3. Kila hatua na ishara yake. Mazingira yakiwaka, kwa kawaida jina lake hutokea kwenye mabano mwanzoni mwa mstari wa amri. Asipoliona, asiendelee. Pip ije baada ya hapo.

4. Njia ya kutoka. Deactivate huzima. Mambo yakiharibika, futa folda ya mazingira uanze upya, mradi requirements.txt unayo. Ila usiihamishe folda hiyo, maana ndani yake mna anwani kamili za mahali ilipoundwa.

Najua wapo watakaosema kwamba anayetaka kujifunza atasoma yote. Sikubali. Anayeanza hufuata maelezo kutoka juu kwenda chini, mstari kwa mstari, na bando analilipia mwenyewe. Yule kijana alikuwa karibu kuacha Python, akidhani yeye ndiye mjinga.

Tulimaliza kazi yake kwa amri tatu. Zote zilikuwa kwenye ukurasa ule ule, ila chini.

Nyinyi mwaonaje?